Damu ya Kichupa Namba 117

Siku mbili baada ya Anselme Bisimwa kuzikwa, damu yake ilionekana ina mimba.

Habari hiyo ilimfikia Inspekta Acan siku ya Ijumaa, saa nne kasoro robo asubuhi, kwa simu ya mwanamke aliyejitambulisha kuwa Daktari Vera, msimamizi wa wodi ya mapafu katika Hospitali ya Mtakatifu Yosefina, kilimani juu ya soko la Kalerwe. Alizungumza polepole, kama mtu anayevuka mfereji kwenye ubao mwembamba.

"Sijui kama hili ni kosa la mashine au kosa la mtu," alisema. "Ila mgonjwa wangu alikufa Jumanne, na karatasi iliyotufanya tumwache pale alipokuwa haikuwa ya damu yake."

Acan aliandika saa kwenye daftari, akachukua ufunguo wa gari. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu, binti wa koplo kutoka Gulu, mzaliwa wa kambi ya polisi ya Naguru, na kazini alijulikana kwa jambo moja: hakuwa na haraka. Wenzake walisema Acan ukimuuliza jina lake, ataomba kwanza kukiona kitambulisho chake mwenyewe.

Saa nne na nusu alikuwa ameketi mbele ya meza ya Daktari Vera, mwanamke mwembamba mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi.

"Nieleze kama unavyomweleza mtu asiyejua kitu," Acan alisema. "Kwa sababu sijui kitu."

"Wodi yetu ina vitanda arobaini vya oksijeni ya kawaida. Ndani kuna chumba kingine chenye vitanda sita, kila kimoja na mashine inayosukuma hewa kwa nguvu hadi chini ya mapafu. Homa hii ya virusi ilipoingia mjini mwezi uliopita, vile sita havikutosha hata siku ya kwanza."

"Mlichaguaje nani aingie?"

"Kwa macho, mwanzoni. Na macho yana upendeleo, afande. Anayelia kwa sauti alipita, mwenye ndugu serikalini alipita. Halafu ugonjwa huu una hila. Mtu anakuchekea, anaomba chai, kumbe ndani anakwisha. Basi tukaanza kuiuliza damu." Alisogeza karatasi mezani. "Tunapima vitu vitatu. Protini inayopanda mwili ukiwaka, akiba ya chuma, na kimeng'enya kinachovuja seli zikivunjika. Vyote vitatu vinatoa alama moja, kuanzia sifuri hadi mia. Anayezidi hamsini yuko hatarini. Anayezidi themanini, bila ile mashine, hana siku tatu. Kitanda kikibaki kimoja, saa kumi na mbili jioni anapewa mwenye alama kubwa."

"Na Anselme?"

"Kumi na nne. Alama ya mtu mzima anayekwenda sokoni."

"Mimba ilionekanaje?"

"Ujauzito unazichezea hizi alama, kwa hiyo kila Ijumaa tunapima homoni ya mimba kwenye damu iliyobaki ya wanawake. Leo Oola wa maabara alikuwa na haraka. Badala ya kuchagua vichupa vya wanawake, alipitisha trei nzima ya Jumapili. Kichupa 117, mwanamume, miaka arobaini na sita, ana mimba. Tumekirudia mara tatu."

"Jumapili mlilaza mjamzito yeyote?"

"Hata mmoja. Wanawake walikuwa wanne, na mdogo wao ana miaka hamsini na saba."

Acan alipiga hesabu. Kama vichupa vya wagonjwa wawili vingekuwa vimebadilishana tu, lingekuwa kosa la mkono. Lakini hii ilikuwa damu ya mtu ambaye hakuwemo wodini kabisa. Mtu aliitoa mahali na kuileta.

"Kitanda cha mwisho cha Jumapili alikipata nani?"

"Kapteni mstaafu Oyet. Alama sitini na moja."

Acan aliandika neno "Kapteni", akalipigia mstari. Kisha aliandika saa zote jinsi daktari alivyozisoma kwenye faili. Saa nane na nusu mchana, majibu ya Oyet. Saa tisa kasoro dakika kumi, Anselme analazwa. Saa tisa na kumi, anatolewa damu na muuguzi Nasike. Saa kumi na dakika tano, maabara inapokea kichupa. Saa kumi na moja na ishirini, majibu: kumi na nne. Saa kumi na mbili, Oyet anaingia chumba cha ndani. Jumanne, saa saba na ishirini mchana, Anselme anakata roho.

"Kutoka wodini hadi maabara ni mwendo gani?" aliuliza.

"Dakika mbili."

"Na kichupa kilitembea dakika hamsini na tano."

*

Huguette, mjane wa Anselme, alikuwa Namuwongo, kwenye chumba kilicho hatua thelathini kutoka reli, amezungukwa na wanawake wa kanisa lao. Anselme alikuwa fundi wa kutengeneza cherehani. Cherehani nne za watu zilisimama ukutani, zimefunikwa shuka, zikingoja mkono usiokuja tena. Wanawake walipomwona afande walisogea nje bila kuambiwa.

"Pole sana, mama," Acan alisema.

"Asante, afande. Keti."

Kiswahili cha Huguette kilikuwa cha Bukavu, cha Acan cha kambini, lakini walielewana bila taabu. Acan hakumficha. Alimweleza kwamba karatasi ya damu ya mumewe haikuwa ya mumewe. Huguette alisikiliza, mikono imelala mapajani.

"Mimi nilijua," alisema mwishoni. "Bwana yangu alikuwa anacheka na watu pale kitandani, lakini midomo yake ilikuwa kama makaa. Nikaambia musawo, ule daktari, huyu mutu anakufa. Musawo akasema, mama, damu inaonyesha yeye iko muzuri. Mimi ni nani wa kubishana na damu?"

"Siku ile ya Jumapili, ulikuwepo alipotolewa damu?"

"Mimi njo nilimushika mukono. Anaogopaka sindano, tangu utoto."

"Nieleze ulichoona."

"Yule nesi mudogo alifunga mpira kwa mukono, akavuta damu, ikaingia mu kichupa cha kifuniko chekundu. Akatoa kalamu ya bluu, akaandika jina juu ya kichupa. Aliandika Anselme bila ile E ya mwisho. Nikamwambia, akaongeza."

"Una hakika aliandika palepale?"

"Afande, ile E niliiona kwa macho yangu."

Acan aliandika: kalamu ya bluu, kifuniko chekundu, herufi E.

*

Muuguzi Nasike alikuwa na miaka ishirini na sita. Aliingia katika chumba kidogo alichopewa Acan saa nane mchana, akakaa ukingoni mwa kiti, koti lake kubwa la kazi limefungwa vifungo vyote ingawa joto lilikuwa kali.

"Uliandika jina kwenye kichupa?"

"Ndiyo, afande. Tunaandika kitandani, ili tusichanganye."

"Kisha?"

"Nikakipeleka masjala. Karani ndiye anayebandika stika yenye namba juu ya jina, halafu anaviweka kwenye sanduku la barafu, Oola anakuja kuvichukua. Nilirudi wodini saa tisa na robo. Sista Lakot alikuwa mlangoni, muulize."

"Una mimba ya miezi mingapi?"

Nasike aliinamisha kichwa.

"Mitano," alisema. "Sijamwambia mtu hapa. Mkataba wangu unaisha mwezi wa nane, na nilidhani wakijua hawatauongeza. Afande, najua unavyofikiri. Nimesikia habari ya kichupa tangu asubuhi. Lakini yule bwana aliniita binti yangu. Ningemfanyia hivyo kwa nini?"

Acan aliandika: miezi mitano. Alikuwa na mjamzito aliyeshika kichupa, na mpelelezi mwenye njaa ya kufunga faili angefunga hapo. Alimruhusu aende, akamtuma askari wake aulize kwa Sista Lakot. Jibu lilirudi baada ya dakika kumi: saa tisa na robo Nasike alikuwa mlangoni, na hakutoka tena wodini hadi jioni. Dakika tano tangu saa tisa na kumi hazikuwa nyingi. Lakini kujitoboa mkono ni kazi ya dakika mbili. Jina la Nasike lilibaki kwenye daftari.

*

Oola wa maabara alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye tabia ya kufuta meza ambayo tayari ni safi.

"Dakika hamsini na tano," Acan alimwambia.

"Jumapili nilikuwa peke yangu, afande. Vichupa thelathini na kimoja. Nilikwenda masjala saa kumi, nikakuta sanduku liko tayari. Kabla ya hapo sikutoka hapa. Mashine inaandika saa ya kila kipimo, na nimepima bila kupumzika tangu saa saba."

Mashine ilionyesha hivyo kweli. Acan aliomba daftari lake la mezani. Alipitisha kidole kwenye mistari hadi 117. Pembeni, kwa penseli, yalikuwepo maneno machache: *Haikuganda. Potasiamu juu mno, kalsiamu karibu hakuna.*

"Hii ni nini?"

Oola alifuta meza tena. "Hicho ndicho kilichoninyima usingizi tangu asubuhi. Kifuniko chekundu ni cha kichupa kitupu. Damu ikiingia humo lazima igande, kama maziwa yaliyoachwa. Hii haikuganda. Na madini yake yalikuwa ya ajabu. Mtu mwenye potasiamu ile angekuwa maiti. Nilidhani imetikiswa vibaya. Ningepaswa kuomba damu nyingine. Ila zile alama tatu zilisomeka vizuri, na nyuma yake kulikuwa na vichupa kumi na vinane. Nikaandika kwa penseli, nikaendelea."

"Sasa unafikiri nini?"

"Sasa nafikiri ilimiminwa." Oola alifungua kabati, akatoa vichupa viwili vitupu, kimoja cha kifuniko chekundu na kingine cha zambarau. "Hiki cha zambarau kina dawa chini, unaona unga huu? Inazuia damu isigande. Dawa hiyo ina potasiamu, na inaikamata kalsiamu yote. Ukimimina damu ya zambarau ndani ya nyekundu, kwa macho ni damu ileile. Lakini haitaganda, na madini yatasema uongo wa namna hii hasa."

Acan alivishika vichupa vile, kimoja kila mkono.

"Ungekuwa wewe ndiye unayetaka kudanganya, ungefanya hivyo?"

"Mimi? Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa maabara asingefanya hivyo."

"Na muuguzi?"

"Muuguzi anajua kutoboa mshipa. Kama damu ni yake, angeiingiza moja kwa moja kwenye nyekundu. Ya nini kupitia zambarau?"

"Zambarau mnaitumia kwa nani hapa?"

"Kwa wengi. Lakini kwa wajawazito ni lazima. Kundi la damu, wingi wa damu. Kliniki yao ni Jumamosi."

"Kichupa 117 chenyewe bado unacho?"

Kilikuwepo kwenye jokofu la barafu. Kwa ombi la Acan, Oola aliilowesha stika kwa spiriti, akaibandua taratibu kwa kibano. Chini yake plastiki ilikuwa safi, haina hata alama ya kalamu. Herufi E haikuwepo, wala herufi nyingine yoyote.

"Hiki si kichupa alichoandika Nasike," Acan alisema. "Hiki ni kipya. Kimejazwa, kikabandikwa stika, kikawekwa kwenye sanduku. Stika zinatoka wapi?"

Oola aliacha kufuta meza. "Masjala," alisema.

*

Karani wa masjala aliitwa Ayot. Alikuwa na miaka thelathini na moja, nywele fupi, mwandiko mzuri kuliko wa daktari yeyote hospitalini. Alisimama Acan alipoingia, akampa kiti, akarudi kukaa na mgongo ulionyooka. Nyuma yake kulikuwa na rafu za mafaili, boksi la vichupa vyekundu vitupu, na jokofu dogo jeupe.

"Jokofu hili la nini, dada?"

"Vichupa vya kliniki ya wajawazito, afande. Vinaletwa Jumamosi jioni, nami naviandikisha Jumatatu asubuhi kabla havijakwenda maabara."

"Naomba daftari la Jumamosi iliyopita."

Alimpa bila kusita. Acan alihesabu majina, ishirini na matatu. Kisha akahesabu majibu yaliyorudi Jumatatu, ishirini na mawili. Kando ya jina la kumi na tisa kulikuwa na maneno ya mwandiko ule mzuri: *Sampuli imepotea. Aitwe tena.*

"Hutokea," Ayot alisema.

"Hutokea," Acan aliafiki, akanakili jina na namba ya simu.

Princesse, mwenye jina lile la kumi na tisa, alikuwa msusi Kabalagala, kwenye saluni nyembamba kati ya duka la simu na mkahawa uliokuwa bado unapanga viti vya jioni. Alipokea maswali huku vidole vikiendelea kusuka kichwa cha mteja.

"Walinipigia Jumatatu," alisema. "Eti damu yangu imepotea. Nikauliza, damu inapoteaka namna gani, iko na miguu? Nikarudi, wakanitoboa tena."

"Walikupa kadi?"

Alionyesha mkoba wake kwa kidevu. Ndani ya kadi ya kliniki, kundi la damu lilikuwa AB hasi. Acan alimpigia Oola hapohapo. Oola alichukua robo saa kupima mabaki ya 117, na alipopiga tena alisema herufi hizohizo mbili na neno hilohilo moja, akaongeza kwamba katika miaka yake tisa ya kazi alikuwa amekutana nalo mara tatu tu.

"Kuna shida na mutoto?" Princesse aliuliza, vidole vimesimama sasa.

"Mtoto hana shida. Wewe ni mzima kabisa. Uzima wako ndio uliowafaa."

*

Mkono ulikuwa umejulikana, sababu bado. Ayot hakuwa na kisa na fundi wa cherehani wa Namuwongo. Kilichobaki ni kitanda, na aliyekipata.

Jumamosi saa tatu asubuhi Acan alimkuta Kapteni Oyet ameketishwa kwa mito, mzee wa miaka sitini na nane mwenye mabega mapana yaliyoanza kunyong'onyea. Mashine ilikuwa imeondolewa siku iliyotangulia. Kwenye meza yake ndogo palikuwa na bakuli lenye mfuniko na harufu Acan aliyoifahamu tangu utotoni: malakwang ya karanga, mboga chachu ya nyumbani kwao.

"Jambo, afande," mzee alisema, akijaribu kunyoosha mgongo.

"Jambo, mzee. Pumzika. Faili lako linasema huna mtunzaji. Hakuna jina la mke, la mtoto, wala la ndugu."

"Mke alikufa. Mtoto ya kuzaa, Mungu hakunipa."

"Na malakwang hii amepika Mungu?"

Mzee alicheka, akakohoa, akangoja pumzi irudi. "Hiyo ni ya binti yangu. Nilimkuta kambi ya wakimbizi wa vita, Pabbo, mwaka wa tisini na nane. Miaka nne, peke yake, amekaa juu ya sufuria iliyopinduliwa. Nilikuwa na doria. Nikasema nitamchukua nikirudi. Nikarudi. Tukaishi kambi ya jeshi ya Mbuya, mimi na yeye na marehemu mke. Shule nimesomesha. Sasa ni mtu mkubwa, anafanya hapa hapa, kwa mafaili."

"Ayot."

"Ayot. Unamjua?" Uso wake ulijaa fahari. Katika jamii ya mzee na Acan kila mtoto hubeba jina lake mwenyewe, si la baba, na hakuna karatasi hospitalini ambayo ingewaunganisha wawili hao. "Yeye alinikataza kusema. Anasema watu watafikiri napendelewa."

Acan alimtazama mzee aliyekuwa hajui kitu, na kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa alitamani kazi hii angepewa mtu mwingine.

*

Saa tano asubuhi walikaa watatu masjala, Acan, Daktari Vera na Ayot, mlango umefungwa.

Acan alieleza kwa utaratibu, akifuata saa. "Jumapili, saa nane na nusu, ulipokea majibu ya Kapteni Oyet, ukayaandika kwenye ubao. Sitini na moja. Kitanda kimebaki kimoja, na hakuna aliyemzidi. Saa tisa kasoro dakika kumi akaletwa Anselme. Faili lake lilipita mkononi mwako, ukaona anavyopumua. Saa tisa na kumi Nasike akakuletea damu yake. Ulijua itazidi sitini na moja. Ukafungua jokofu, ukachukua kichupa cha mama mmoja, kijana, mzima. Ukamimina kwenye kichupa kipya chekundu, ukabandika 117. Unajua vichupa, dada, kila siku vinapita kwako. Ila hukujua kwamba zambarau ina dawa ndani, na kwamba mama yule damu yake ni ya nadra, na kwamba mimba itaongea."

Ayot hakukana. Alivuta pumzi moja ndefu, akainuka, akafungua jokofu, akaingiza mkono nyuma kabisa, akatoa kitu kilichofungwa kwa karatasi laini. Alikiweka mezani na kukifungua. Kilikuwa kichupa cha kifuniko chekundu, damu imeganda ndani, na ubavuni, kwa wino wa bluu, *Anselme*. Herufi ya mwisho ilikuwa imebanwa pembeni, ndogo.

"Sikuweza kuimwaga," alisema. "Nilikwenda nayo kwenye sinki mara mbili. Ni damu ya mtu."

"Kwa nini?" Daktari Vera aliuliza, kwa sauti ya chini sana.

"Kwa sababu alirudi." Ayot alimtazama Acan, si daktari. "Afande, wewe ni wa kwetu, unajua kambi zile. Wanajeshi wote walisema tutarudi. Huyu alirudi. Nilipouona uso wa yule bwana mwingine, nilifahamu atampita baba. Sikumchukia. Nilijiambia labda yeye ni kijana, labda atavumilia. Nilijiambia mambo mengi. Jumatatu nilipita wodini nikamwona anacheka na majirani, nikashukuru. Nikasema, unaona, hajadhurika."

Daktari Vera alikuwa amekunja mikono. Alipozungumza, alizungumza kama anayesoma cheti.

"Jumatatu saa tano asubuhi kitanda cha nne kilifunguka. Mgonjwa alipata nafuu, tukamtoa. Kitanda hicho alipewa mama mwenye alama arobaini na nane, kwa sababu hakukuwa na wa juu zaidi. Sitini na moja, Ayot, ni mtu anayeweza kungoja siku moja, hata moja na nusu. Ndiyo maana ya alama. Hazikuwekwa ili kusema nani atakufa. Zimewekwa ili tujue nani hawezi kungoja. Baba yako angengoja saa kumi na saba, na angeingia. Wangeingia wote wawili."

Ayot alibaki amesimama, mkono mmoja kwenye mlango wa jokofu. Midomo yake ilifunguka kama anayetaka kuuliza hesabu irudiwe. Kisha alikaa chini taratibu, akaweka paji la uso juu ya daftari la wajawazito, na mabega yake yakaanza kutikisika bila sauti.

"Na mimi," Daktari Vera alimwambia Acan, "uandike na langu. Mke wake aliniambia midomo ni myeusi. Niliitazama karatasi badala ya kuitazama midomo."

Acan aliandika.

Oola alipima damu ile siku hiyohiyo. Kimeng'enya kilikuwa kimeharibika kwa kukaa siku sita, lakini vipimo viwili vilisomeka bado. Hata kwa hivyo viwili, Anselme asingekuwa chini ya themanini na tano. Jumatatu iliyofuata Ayot alipelekwa mahakamani, na ni mwanasheria wa serikali aliyeamua kosa liitweje. Nasike alibaki kazini; Daktari Vera aliandika barua ya mkataba wake kwa mkono wake mwenyewe. Siku hizi, mlangoni pa chumba cha ndani, alama za damu husomwa na watu wawili, na mmoja wao lazima awe ametoka kumwona mgonjwa.

*

Kapteni Oyet aliruhusiwa kutoka baada ya wiki mbili. Acan ndiye aliyemwambia, na mzee alisikiliza hadi mwisho, akauliza swali moja tu: huyo fundi alikaa wapi. Kisha akaomba apelekwe.

Acan alimpigia Huguette simu kwanza. Huguette alisema, "Aje."

Walifika Namuwongo saa kumi alasiri. Mzee alisimama mlangoni, fimbo mkononi, pumzi ikimkatika kwa hatua chache alizotembea. Huguette alimtazama tangu viatu hadi kichwa. Hakumpa mkono.

"Keti," alisema. "Usiniombe musamaha. Sina bado."

"Sikuja kuomba," Kapteni alisema. Aliketi. "Nimekuja kukupa kitu. Jumapili ile walifukuza watu wa kuona wagonjwa saa kumi. Wewe ukatoka. Mimi na bwana yako vitanda vilikuwa karibu, hivi. Mpaka saa kumi na mbili tulikuwa naongea."

Huguette alishika ukingo wa meza.

"Alisema nini?"

"Alisema kuhusu cherehani ya mama moja, sindano inakata uzi, na yeye amejua sababu akiwa amelala pale. Alicheka sana kwa hiyo. Alisema wewe unamsahihisha hata jina lake." Mzee alipumua. "Walipokuja na kitanda cha magurudumu kunichukua, mimi niliona aibu, sijui kwa nini, wakati ule sikujua kitu. Nikamwambia, kijana, na wewe watakuja kukuchukua. Yeye akasema, nenda, mzee, pumua. Mimi nitangoja."

Treni ya mizigo ilipita, ikatikisa ukuta na cherehani zilizofunikwa.

"Ile cherehani," Huguette alisema, "ilikuwa sababu gani?"

"Alisema sindano imewekwa nyuma mbele."

Huguette aliinuka, akavuta shuka kwenye cherehani ya yule mama, ya pili kutoka mlangoni, akainama karibu, akaitazama sindano. Akailegeza kwa vidole, akaigeuza, akaikaza tena. Kisha akavuta kiti, akakaa mbele yake, na akabaki hapo, mikono juu ya mbao, akilia kwa mara ya kwanza tangu mazishi, huku mzee na afande wakiwa wamekaa nyuma yake.